Usinitajie Jina

Orofa ya tatu, Ngara, juu ya duka la vioo vya magari:
simu sita, meza nne, birika lenye kutu mdomoni.
Sheria zimebandikwa ukutani kwa selotepu.
Usiulize jina. Usiahidi. Usiwe wa kwanza kukata.

Saa tano huwa wanajaribu tu. Wanapumua, wanakata.
Saa saba ndipo mtu husema.

Yule wa miezi minane bila kazi
bado anafunga tai alfajiri,
anabusu watoto, anakwenda kukaa Bustani ya Jeevanjee
mpaka saa kumi na moja, kisha anarudi akisema amechoka.
"Na kweli," akaniambia, "huwa nimechoka."

Mlinzi wa lango, Lavington, anajua kusoma.
Amewaficha matajiri wake miaka kumi na moja.
Humkabidhi barua zisizofungwa;
huzisoma zote chini ya taa ya lango.
Hakusema zina nini. Alicheka kidogo tu.

Mama mmoja aliongoza maombi ili mumewe apone.
Kanisa zima lililia naye,
na moyoni akirudia: mchukue, Bwana, mchukue.
Mume akapona. Tena amekuwa mpole, anaosha hata vyombo.
"Sasa niambie, dada,
mtu kama huyu nimchukie kwa lipi?"

Mimi husema "mmh." Husema "nakusikia."
Fundi gani huyu, mwenye nyundo mbili tu.

Jana, saa tisa na dakika kumi,
sauti ya mwanamume, imefunikwa kwa shuka.
Kabla hajaanza nikasikia nyuma yake pampu ya maji:
ikagugumia, ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.
Pampu hiyo naijua.
Iko chini ya dirisha langu, Umoja.

Kuna sheria ya nne, iliyoongezwa kwa kalamu ya bluu:
ukimtambua, mpe mwenzako simu.
Kemunto alikuwa amelalia mkono wake.
Sikumwamsha.

"Waliniambia nimpeleke mtoto hospitali Jumatano.
Nilimpeleka Ijumaa.
Mke wangu anajua tulikosa pesa."
Kimya.
"Pesa ilikuwepo."

Kwenye mchango ule nilitoa mia tano.
Nilichemsha chai ya matanga, sufuria tatu.
Na mkewe hunisuka nywele Jumapili,
kichwa changu katikati ya magoti yake,
vidole vyake vikitafuta njia.

Nikasema, "nakusikia."
Ni neno dogo. Lilinikwama kama mfupa wa omena.

Asubuhi nilimkuta bombani na mitungi miwili,
maji yakitoka kama uzi.
"Pampu imegoma tena," akasema.

"Mmh," nikajibu.

Akainua uso.
Akanitazama, muda kidogo kuliko kawaida ya majirani.
Kisha akausogeza mtungi wake kando,
akauweka wangu chini ya uzi ule wa maji,
na tukasimama, hakuna aliyesema,
tukiusikiliza ukijaa.