Nusu Finjani

Katika chumba chenye kiyoyozi, Langoni,
mashine yangu ilikunja kidole cha silikoni
usiku na mchana, pampu ikihema kama mtoto mwenye kifua,
nami nikaandika daftarini: mikunjo laki mbili,
hakuna ufa.
Nikapiga mstari chini ya neno *hakuna*.
Kwa rula.

Laki mbili!
Nikaupeleka Siyu ule mkono kwa boti ya injini,
nimeuviringa ndani ya leso mpya,
nikamvisha Mzee Famau Shekuwe,
fundi wa makubadhi, ambaye kiharusi
kilimwachia mkono wa kulia
unaolala pajani kama paka wa jirani.

Pampu kiunoni, mirija mitano, vali zikaalika.
Vidole vikafumba. Vikafumbua.
Akaushika msharasi, akatoboa ngozi ya mbuzi
tundu moja,
akaliinua lile tundu kwenye mwanga
akalitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
"Ewaa," akasema. Basi.

Siku ya thelathini na saba bintiye, Mwanajabu, akanipigia simu.
"Kimevuja."

Hakikuvujia kazini. Kilivujia matangani,
kwa marehemu Lali, fundi wa milango.
Wanaume mikekani, dele la kahawa linazunguka,
naye, mara ya kwanza tangu augue,
ameipokea finjani kwa mkono wa kulia
kama alivyofunzwa na mamake, bismillahi,
dole gumba likashusha pumzi: sss,
na kahawa yote ikaishia kwenye kanzu ya mwenziwe.

Hawakucheka.
Laiti wangecheka.

Nilipofika, ule mkono ulikuwa juu ya benchi
kati ya gundi na vipande vya ngozi.
"Mkono wangu uliokufa naujua," akaniambia.
"Hauniahidi kitu. Huu wako una ulimi."

Majibu nilikuwa nayo. Jasho, nikasema. Chumvi.
Mafuta unayolainishia ngozi. Joto la saa nane.
Laki mbili zangu zilikuwa mkobani, zimepigwa mhuri.
Yeye akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ndoo. Tia mato hapa."

Mimi nilikuwa nikiutafuta ufa mgongoni mwa kidole,
kwenye kilele cha kunjo, mpira unapotanuka.
Haukuwa pale. Ulikuwa shinani,
mwembamba kama unywele wa kope,
mahali silikoni inapoungana na kitambaa kigumu.
Akavuta kubadhi kuukuu chini ya benchi.
"Gidamu haikatiki katikati.
Hukatika inapoingia kwenye wayo.
Kilaini hakiuawi na kazi, mwanangu.
Huuawa na jirani mgumu."

Kisha, kwa kushoto, kisu kikitetemeka kidogo,
akapara ukingo wa ngozi, tena na tena,
unene ukateremka, ukateremka,
hata sikuweza kuonyesha ulipokomea.
"Usiweke ukuta. Weka mteremko."

Sasa mashine inakunja tena.
Nimeitoa kwenye kiyoyozi, iko darini chini ya makuti,
kidole kimepakwa mafuta ya ngozi,
kila asubuhi nakinyunyizia maji ya chumvi.
Kilipasuka kwenye elfu arobaini.
Kilichofuata, elfu sitini na moja.
Naandika. Rula sijui niliiweka wapi.

Kile chenye mteremko anacho yeye tangu Mfungo Sita.
Nimekitilia taa ndogo: hewa ikipungua, huwa nyekundu,
ili kikitaka kufa kiseme kwanza.
Lakini taa haitazami.
Hukiinua kidole hadi sikioni, akafumba macho,
kama anayemsikiliza mtu asiyemwamini bado.

Msharasi humpa bila kuuliza.

Jana, Mwanajabu ameniambia,
dele lilipomfikia barazani
alinyosha wa kulia, watu wakanyamaza,
taa kijani,
akamwambia mmiminaji:
nusu.