Hezi Hamsini

Saa kumi na nusu nafunga benchi la kupimia mita,
kadi ya kazi naitia mkobani, kitabu juu yake,
na kutoka Mabela mpaka Ghala
taa za breki zanitangulia, nyekundu, nyekundu,
kama swali refu ambalo mwalimu hajalimaliza.

Shahada ya miaka minne, kwangu mimi ni saba.
Wa darasa la mchana niliokuwa nao mwanzo
wameshahitimu, wameshaoa, mmoja ndiye bosi wangu.
Mimi bado nalipia krediti mojamoja,
kama anayenunua kitambaa kwa shubiri.

Jioni tumo kumi na mmoja.
Yakoub wa Samail, mzimamoto, husinzia macho wazi.
Thuraya anapiga hesabu za faza
huku simu ya mtoto ikitetemeka mapajani.
Na Mhandisi Padmanabhan hufuta ubao kwa kiganja,
hutuambia kwa Kiingereza: msikariri, sikilizeni.
Nasikiliza kwa Kiingereza,
pembeni naandika kwa Kiarabu,
lakini ukinzani,
ukinzani naufahamu kwa Kiswahili tu.

Somo la Ishara nililifeli mara ya kwanza.
Usiku ule Ghalib alipasha wali,
akaniwekea sahani, asiulize kitu.
Aliyeuliza ni binti yangu:
"Mama, na wewe utarudia darasa?"
Nikarudia.

Mradi wa muhula huu ni kichujio.
Upo mvumo wa umeme, hezi hamsini,
huingia kila mahali kama vumbi la shamali.
Uukate huo peke yake, vingine uviache.
Nikatafuta sauti chafu ya kujaribia,
nikaipata kwenye kasha la marehemu baba:
kaseti, wino umefifia, *Chake, Shaabani*.
Barua ya bibi yangu Raya, aliyoisema kwa kuwa hakujua kuandika,
ikaja Ruwi mkononi mwa msafiri
kabla mimi sijazaliwa.

Nikalehemu mpaka saa saba ya usiku.
Risasi ya moto ilinirukia kidoleni.
Kapasita moja niliigeuza, hasi kwenye chanya, ikapasuka,
nyumba nzima ikanuka,
Ghalib akafungua madirisha huku akivuta uradi.
Halafu, kwenye oskiloskopu,
lile wimbi nene likalala chali
kama wadi mwezi wa saba.
Bibi akatoka peupe:

"Vitunguu vimepanda, mwanangu. Subeti kaolewa.
Na ile friji yako nimeitia chumbani kwangu,
ukumbini wataniibia.
Usiku kucha yanguruma. Hebu isikie."

Akanyamaza ili friji iseme.

Na mimi nimeshaikata.
Sekunde kumi na tisa za kimya safi,
kazi ya mikono yangu,
alama themanini na nane kwa mia.

Padmanabhan aliandika chini ya ripoti:
kelele imeondoka yote, hongera.
Sikumjibu. Ningemweleza vipi,
na kwa lugha ipi katika hizi tatu,
kwamba kelele ndiyo iliyokuwa salamu?
Kwamba friji ile ni mishahara minane ya baba,
saruji begani, ghorofa za watu zikipanda,
na mama yake alitaka ajue tu
kuwa imefika, imewashwa, ni nzima?

Nimeongeza swichi ndogo pembeni ya sakiti.
Kwenye mchoro niliouwasilisha haimo.
Ukiibonyeza, sauti hupita kando ya kichujio,
na vumbi lake lote.

Kesho jioni nina mtihani wa Mikroprosesa.
Zimebaki krediti thelathini na moja.
Binti kalala, daftari langu kalifanya mto.
Naibonyeza.

Kutoka chumbani, sauti ya usingizi:
"Friji yetu ina nini? Imeharibika?"
"Haina kitu," namwambia. "Lala."