Toa Alichokula Mwenyewe

Siku ya arubaini kampuni ilileta magunia mawili ya mchele,
dumu la mafuta, na bahasha.
Ndani ya bahasha milioni moja na nusu,
na katikati ya noti karatasi iliyokunjwa:
"Sisi ndugu wa marehemu Kibwana Singano
tumepokea, tumeridhika, hatutadai tena."
Kalamu walikuja nayo wenyewe.

Mama akasema ni amri ya Mungu.
Baba mdogo akasema kesi hula ng'ombe ikakutapikia kuku.
Mimi nikasema amri ya Mungu haihusiki na kifuniko cha chuma
kilichofunguliwa mwezi wa tatu kwenda kuchomelewa,
na mwezi wa sita kingali kimeegemezwa ukutani,
korona ikizunguka wazi, ikimeza mkonge na chochote kilichoushika.

Mchele tuliupika.
Bahasha niliwarudishia. Karatasi niliilalia.

Jumanne nikashuka Tanga mjini,
Ngamiani, ngazi za nyuma, juu ya fundi cherehani.
Wakili Shekivuli alikuwa peku, mguu umemvimba,
ameuweka juu ya boksi la majalada.
"Marehemu hadai," akasema. "Wanaodai ni waliobaki.
Leta cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo,
Mahakama ya Mwanzo wakuteulieni msimamizi wa mirathi.
Kuna fidia ya mfuko wa wafanyakazi, hiyo ni ya kujaza fomu.
Kuna madai ya uzembe, hayo ni ya kupigana.
Na msichelewe. Sheria ina saa yake,
haingoji mtu amalize eda."

Akavuta kikokotoo.
Mshahara, mara miezi, mara miaka iliyobaki hadi sitini.
Nilianza kumwona kaka yangu akizeeka kwenye kile kioo kidogo,
mvi, kiinua mgongo, mjukuu.
Kisha akabonyeza alama ya kutoa.
"Theluthi ilikuwa yake. Tunatoa alichokula mwenyewe."

Alikula ukoko, wakili.
Alikula wa mwisho, akidai kashiba harufu.
Viatu vyake vya Ijumaa vilikuwa vya baba,
amevijaza gazeti kwenye ncha ili vimkae.
Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita
ilitoka kwenye tumbo hilo unalolikatia theluthi.

Haya sikuyasema. Niliuliza tu kama anaweza kutoa robo.

"Wategemezi." Akaandika: Tunu, mke.
Watoto wawili. Aliye tumboni, naye anahesabika.
Mama mzazi. Akafunga kalamu.
"Na mimi?"
"Wewe nani wake?"
"Dada."
Akashusha mguu kutoka kwenye boksi, taratibu, kama anayetoa pole.
"Dada hayumo."

Dada hayumo.
Basi ni nani huyu aliyekwenda Pongwe usiku mara tatu
kugonga kwa Ndekeo, aliyekuwa akilisha mashine bega kwa bega naye?
Mara ya kwanza alizima taa.
Mara ya pili alisema ana watoto.
"Kibwana naye alikuwa nao," nilimjibu kupitia dirishani.
Mara ya tatu alitoa mkono tu, na simu mkononi:
picha ya kifuniko ukutani, buibui amekwishaweka nyumba,
tarehe pembeni, wiki mbili kabla.

Leo jioni nimetandaza mafaili jamvini.
Tunu anasikiliza kutoka chumbani, mlango nusu.
Mama ameyatazama makaratasi kwa muda,
kama anavyotazama dagaa kabla ya kununua.

"Kesi itamrudisha?"

"Haitamrudisha, mama. Huenda ikarudisha kifuniko."

Amekaa kimya mpaka adhana ikaisha.
Halafu ameomba wino.
Amekunjua kidole gumba, amekipangusa kwenye khanga,
akauliza ni hiki hiki cha kupigia kura
au mahakama wana chao.