Mcheza Kwao

Saa nane kamili natia mkasi kwenye bahasha.
Kanuni inataka mashahidi wawili:
Darlene wa hesabu, anayetafuna penseli,
na saa ya ukutani, isiyolipwa.

Zabuni: makoti mia mbili na kumi
ya madereva wanaosukuma theluji, jiji la Duluth.
Bitana nzito. Zipu ya shaba.

Bahasha ya kwanza ni ya Aune Kettunen.
Naujua mwandiko: saba zake huvaa mkanda kiunoni.
Dola themanini na nne kila koti.
Washonaji wake tisa, wanane ni wakazi wetu;
hulipa kodi dirisha la chini ya miguu yangu,
hununua mkate kwa Sorensen, hudaiwa kwa Sorensen.
Ila karakana iko ng'ambo,
na katikati ya daraja jimbo linaisha.
Upepo wa ziwa hauuoni mpaka huo.
Fomu inauona.

Bahasha ya pili: Ngao ya Kaskazini,
themanini na saba.
Anwani ya hapa, namba kumi na mbili,
basi apunguziwe asilimia tano za mwenyeji.
Darlene anapiga hesabu, anapuliza vumbi la penseli:
themanini na mbili, senti sitini na tano.
Aliye ghali amekuwa rahisi, karatasini.

Jioni nikaitafuta hiyo namba kwa miguu.
Si chumba. Ni kisanduku cha barua
juu ya kinyozi, upana wa kiganja.
Barua hutumwa mbele kila Ijumaa, kinyozi akasema,
kwenye mji ambao hawezi kuutamka.

Mcheza kwao hutuzwa.
Sheria hii niliipigania mimi, miaka sita,
tangu kiwanda cha glavu kilipofungwa
na baba akarudi nyumbani saa nne asubuhi,
chakula cha mchana bado kimo koponi, cha moto.
Nilisimama mbele ya madiwani, sauti ikinitoka puani:
pesa yetu ilale kwetu.
Sikujua kwamba kwao hukodishwa,
dola kumi na nane kwa mwezi.

Muhuri uko kwenye droo. Sijaugusa.
Theluji inaanguka pande zote mbili za daraja.
Alfajiri dereva ataisukuma hadi katikati,
kisha atainua jembe,
amevaa koti la mwaka juzi, kiraka begani,
na mshono ule, wa kurudi nyuma kila hatua ya tatu,
hakuna mwingine anayeushona.