Kidole Gumba

Februari, Ploiesti. Smaranda kafungua dirisha
maana asetoni haina adabu, yapanda kichwani.
Mifuko ya plastiki ya marehemu babaye
imetoka jasho miaka arobaini,
jasho likaganda shavuni mwa mfalme:
ute wa kijani, wanata kama ulimbo.

Hasugui. Anaitumbukiza sarafu, anangoja,
anaigeuza kwa kijiti.
Kijani chaachia sikio, kisha masharubu.

Ila pale juu ya tarakimu
imebaki mistari myembamba, ya gumba.
Anachovya tena. Mara ya tatu.
Haitoki. Huu si uchafu tena,
umekwisha kuila fedha.

Kovu la msumeno lakatiza katikati.

Mnunuzi wa Brasov atasema ina doa.
Aseme.
Anaishika kwa ukingo,
anaiacha ikauke yenyewe.