Kilo Nane na Robo

Nimeshusha piano kutoka ghorofa ya sita.
Nimebeba majokofu, kabati la mwaloni la jaji mstaafu,
kasiki ya chuma iliyotuvunjia vidato viwili,
na mgongo wangu hadi leo haudaiwi na mtu.

Basi Danguolė wa mlango wa pili,
aliyeteleza kwenye barafu nje ya duka la mkate
akavunjika kiwiko cha mkono wa kulia,
aliponiomba nimshushe Bulvė akojoe,
mara tatu kwa siku, ghorofa nne, lifti hakuna,
nilicheka.

Nikamshika kama nilivyoona watu wakishika:
vidole chini ya makwapa, juu!
Kiwiliwili kikaning'inia kama suruali kwenye kamba
naye akatoa mlio mmoja tu, mwembamba,
wa msumari unaong'olewa kwenye ubao mbichi.

"Weka chini."
Hakupaza sauti. Miaka thelathini na mmoja
alikagua vifungo vya makoti kiwandani, Kaunas hii hii,
na kifungo kibovu hakipigiwi kelele: kinarudishwa.
Akaleta mkate mweusi, mrefu, wa juzi.
Jifunzie huu, akasema. Huu hauumii.

Chuchumaa kwanza. Nimesema chuchumaa, sijasema inama.
Usimjie kwa juu kama mwewe;
njoo ubavuni, akuone, akunuse kiganja,
mtajie jina lake, Bulvė, maana yake kiazi,
na ungoje masikio yarudi mahali pake.
Mkono mmoja upite chini ya kifua,
nyuma ya miguu ya mbele, kiganja wazi,
mpaka moyo wake ukugonge vidoleni.
Mwingine uchukue makalio na mapaja
kama unavyochukua beseni lililojaa hadi ukingoni.
Sasa inuka, kwa mapaja yako. Kichwa na mkia pamoja.
Mgongo wake ulale sawa, kama pimamaji.
Huyu ni daraja refu juu ya nguzo fupi,
na madaraja ya namna hii huvunjika katikati.
Mlaze ubavuni pako. Usimkabe. Usimlegezee.

Nikaubeba mkate mpaka ghorofa ya pili nikarudi nao.
Rimantas wa chini alinikuta kwenye ngazi
nikiuambia mkate, "tulia."

Kubeba nilikuwa nakujua kwa kila jina,
begani, mgongoni, kichwani, kwa mkanda, kwa toroli;
kupakata huku unatembea
nilikuwa sijakufanya.
Na mikono yote miwili ina kazi, huna wa kushikia reli,
kwa hiyo bega linaparuza ukuta
na mguu unatafuta kidato gizani kabla ya kukikanyaga,
sitini na nane, nikivihesabu kwa pumzi.

Piano haiogopi.
Piano ukiikosea inakuponda wewe.
Huyu ukimkosea anaumia yeye,
na jioni anakuja tena mlangoni, mkia unapepea.
Sijui mzigo mzito kuliko huo.

Chini, theluji inamwita, anaanza kufurukuta, anataka kuruka.
Hapana. Chuchumaa tena, hata kama magoti yanalalamika.
Miguu yote minne iguse ardhi
ndipo mikono iage.
Akakojoa dakika nzima, akinitazama bila haya,
mvuke ukipanda kati yetu.

Plasta ilikatwa mwezi wa tatu.
Barafu imeyeyuka, mtaa wote ni matope na chumvi.
Leo saa kumi na mbili asubuhi kabisha tena:
kiwiko, anasema, bado kinamsumbua, hasa kukiwa na unyevu.
Kwenye mkono ule ule wa kulia
amening'iniza mfuko wa viazi, kilo tano, hazipungui,
ninajua kukadiria.
Bulvė ameketi kwenye kizingiti, masikio nyuma.

Sikuuliza.
Nikachuchumaa, nikangoja.