Kilo Ishirini na Tatu

Walikuja saa kumi. Msimu umeshapita,
majamvi yamekunjwa, ghala tupu
na bado linanuka karafuu.
Nehemia mbele, sanduku begani kama gunia,
Tabita nyuma na karatasi ya ndege:
"Shaame, tupimie. Kilo ishirini na tatu, isizidi."

Mizani yangu haijapata kupima sanduku.
Imezoea magunia, na watu wanaonitazama vidole
wakidhani naiba.
Nikaipangusa vumbi.
Ishirini na tisa na nusu.

Wakafungua palepale, juu ya saruji.
Biblia tatu, moja ya Kireno, kurasa bado zimegandana.
Vitenge. Picha ya harusi na kioo chake.
Mbuzi ya kukunia nazi.
("Nazi huko zipo," Tabita alisema, "lakini mbuzi je?")
Suti ya mzee Songoro, babake Nehemia,
aliyevuka kutoka bara kuja kuchuma
msimu mmoja tu, alisema,
na kaburi lake liko nyuma ya kanisa, hapa Wete.

Wanakwenda Brazili, mji unaitwa Belemu,
"yaani Bethlehemu," Nehemia akanieleza,
penye mdomo wa mto usioonekana ng'ambo.
Miaka minne. Kanisa limechanga.
Miye si mtu wa kanisa, nimechanga elfu ishirini.

"Kule hawana dini?"
"Wanayo."
"Na makanisa?"
"Mengi."
"Basi?"
Nehemia akautazama mshale wa mizani.
Tabita ndiye aliyejibu:
"Mamako alipoumwa, nani alikuja usiku?
Kwani majirani hawakuwapo?"

Majirani walikuwapo tele.
Yeye ndiye aliyekuja, akakaa.
Nikanyamaza. Sikusema nimekubali,
nilinyamaza tu.

Kireno wanajifunza kwa simu, mwezi wa saba huu.
Nehemia ulimi mzito; Tabita humcheka:
meza kwao karibu ni meza,
leso karibu ni leso,
hata foronya utaitambua ukiisikia.
"Wareno walishatutembelea zamani," nikasema,
"wakatuachia maneno, na ng'ombe wa mchezo,
na waliyoyachukua hawakuandikia stakabadhi.
Walikuja na mizinga.
Nyinyi mnakwenda na mbuzi ya nazi."
Tukacheka watatu, kisha tukaacha kucheka
mmoja mmoja.

Kioo cha picha kikatoka. Biblia moja ikatoka.
Ishirini na saba.
Vitenge viwili, kopo la samli ya mama mkwe.
Ishirini na nne na robo.
Tabita akaishika mbuzi, akaiweka chini,
akaiinua tena, akaiweka tena.
Hapo Nehemia, hakuambiwa na mtu,
akalitoa koti la babake.
Suruali ikabaki.
Mshale ukatetema, ukasimama:
ishirini na tatu, kamili.

Nilikuwa nimeficha konzi ya karafuu mfukoni,
niwape. Sikuitoa.
Nikageuza kitabu cha stakabadhi, nikaandika nyuma:

*Safari ina uzito, usopimwa kwa mizani,*
*Mkifika penye mto, msisahau nyumbani,*
*Mkijaliwa mtoto, jina mpeni la pwani,*
*Miye nabaki na joto, na harufu ya ghalani.*

Tabita akahesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza.
"Nane, nane."
"Kumi na sita," nikamwambia,
"na haizidishi hata gramu."
Nehemia akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.
Wakalibeba sanduku wawili, huku na huku,
hata pale ambapo mmoja angetosha.

Koti lipo kwenye msumari, nyuma ya mlango.
Watu huuliza la nani, nasema la mgeni.
Jana nililipima, ghala nimelifunga, mtu asinione:
kilo moja na robo,
pamoja na makonyo matatu makavu mfukoni
ambayo si yangu kuyatoa.